Namba Kumi na Saba Alazwe

Binti mwenyewe alikuwa na miaka thelathini na minne, digrii mbili na miwani mizito, lakini nyumbani kwao walimwita Injinia wa Panya, na alishachoka kukasirika. Walioanza ni kaka zake. "Wenzako wanajenga madaraja," walimwambia siku moja mezani, "wewe unamtengenezea panya kitanda!" Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. Yeye naye akacheka, maana afanyeje? Mama yao tu ndiye hakucheka. Aliinuka akaenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa imeshaoshwa.

Nisikuzungushe. Huyo mama alikuwa mtunza panya. Si panya wa darini, la, panya weupe wa maabara, wale wanaojaribiwa dawa kabla mimi na wewe hatujapewa. Kazi hiyo aliifanya miaka thelathini na mmoja katika jengo lile lile, ghorofa ya chini, nyuma ya milango miwili ambayo wa pili haufunguki mpaka wa kwanza ufungwe. Alijua maranda gani ya mbao yanawawasha panya na yapi hayawawashi. Alimjua mgonjwa kwa manyoya yalivyosimama, siku mbili kabla daktari yeyote hajajua. Na watafiti walipotaka kuona ndani ya mwili wa panya, kama uvimbe umekua au umesinyaa, njia ilikuwa moja tu, nayo ilipitia mikononi mwake.

Sasa sikiliza. Katika nyumba ile ya panya hakuna aliyesema kuua. Walisema kulaza. "Leo tunalaza kumi." "Wale wa juzi wameshalazwa." Hata kwenye karatasi za kazi ndivyo ilivyoandikwa, alazwe, na sahihi chini yake. Aliyelichagua neno hilo hajulikani, ila bila shaka alikuwa mtu mwenye haya. Miaka ikapita, neno likakomaa, na mle ndani halikuwa na maana nyingine tena.

Injinia alipokuwa na miaka sita alimsikia mama yake akivua viatu mlangoni na kusema, "Leo nimelaza thelathini, mgongo wote unaniuma." Mtoto akaona akilini vitanda thelathini vimepangwa mstari. Akauliza, "Na shuka unawafunika?" Mama akavua kiatu cha pili, kisha akasema, "Nawafunika, mwanangu." Uongo huo uliishi miaka mitano. Aliyeuvunja ni mtoto wa jirani, yule asiyeweza kukaa na jambo kifuani hata kwa dakika moja. Injinia alilia siku mbili. Akakataa kuguswa na mikono ya mama yake, akakataa hata kusukwa nywele. Mama hakumkaripia wala hakujitetea. Alisubiri tu. Siku ya tatu mtoto akaja mwenyewe na kitana, akakaa chini katikati ya magoti ya mama, na jambo lile hawakulizungumza tena.

Watu wakimuuliza Injinia kwa nini alichagua kazi hii, huwaambia habari za sayansi na maendeleo, wakaridhika. Mimi nitakwambia kweli. Ni zile siku mbili. Zilimkaa moyoni, na alitaka mama yake astaafu akiwa ameona angalau wiki chache za kazi bila kulaza mtu.

Alichokuwa akibuni ni skana ya kumtazama panya ndani akiwa hai. Jambo lenyewe ni rahisi, wanaolifanya gumu ni wale wanaotaka waonekane wasomi. Panya hudungwa sukari kidogo iliyotiwa mionzi. Uvimbe ni mlafi, unakula sukari kuliko majirani zake, kwa hiyo sukari hujazana pale. Mionzi hutoka, ikagonga pete ya vipande vya fuwele iliyomzunguka panya, na kompyuta hupiga hesabu ya kurudi nyuma kujua imetokea wapi. Mashine za namna hiyo za kupimia watu zipo siku nyingi. Lakini uvimbe wa panya ni punje ya ulezi, moyo wake ni punje ya kunde, na mashine ya mtu haina macho ya kuona vitu hivyo. Ilibidi kila kipande cha fuwele kiwe chembamba kuliko njiti ya kiberiti. Vilikuwa elfu nne na ushee, na Injinia alivipanga kwa kibano, kimoja kimoja, pumzi ameibana. Miaka mitatu ilikatika hivyo.

Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa mtu wa programu, bwana mmoja aliyeitwa Kipara na kila mtu, mkewe akiwemo. Yeye ndiye aliyeifundisha kompyuta kuchora picha. Walikuwa wakigombana asubuhi na kupatana mchana, na kazi ilikwenda.

Mwaka wa pili mashine ikawafanyia kioja. Kila panya waliyempima aliwaka madoa mawili katikati ya mabega, mahali pasipo na uvimbe wowote. Kipara akaiandika programu upya mara tatu. Injinia akaifungua pete yote, akaisafisha, akaifunga. Madoa yako palepale. Wiki saba za kula jeuri yao! Jumapili moja, akimsaidia mama yake kukausha vyombo, uchungu ukamzidi akamweleza yote.

"Chumba chenu kina baridi?" mama akauliza.

"Baridi sana, mama. Vile vifaa vya nyuma ya fuwele vinafanya kazi vizuri kwenye baridi. Kipara anavaa sweta mbili."

"Na panya anavaa ngapi?"

Injinia akabaki na sahani mkononi.

"Panya akisikia baridi anajipasha moto mwenyewe, hapo hapo mabegani," mama akasema, akiendelea na masufuria yake. "Ana mafuta yake ya kazi hiyo. Ukimshika unayasikia kwa kidole. Si ndiyo yanayokula sukari yenu?"

"Mama! Wiki saba! Kwa nini hukusema?"

"Uliniuliza?"

Ndipo kitanda kilipozaliwa. Injinia alibuni kihori kidogo cha plastiki, urefu wa kiganja, chenye waya wa joto chini yake na mrija wa gesi ya usingizi mbele ya pua, na alikipima na kukirekebisha kwa maneno ya mama: joto la mkono, si joto la chai. Madoa yakatoweka wiki hiyo hiyo. Kipara akasema mama apewe digrii, na yeye Kipara anyang'anywe yake.

Lakini mama mwenyewe alikuwa hajawahi kukanyaga kule juu. Chumba cha mashine kilikuwa cha wenye beji ya mionzi, na mtunza panya hakuwa nayo. Panya akihitajika, Kipara au Injinia alishuka, akabisha, akapewa kizimba mlangoni, na baadaye akakirudisha. Mama aliijua mashine ya binti yake kwa kitu kimoja tu, yaani kile kilichorudi.

Kule juu nako, kitanda kilipoingia, neno likaja lenyewe. "Mlaze vizuri." "Umemlaza chali au kifudifudi?" "Usimlaze kabla sijawasha joto." Walilisema mara mia kwa siku, kwanza kwa panya wa plastiki, kisha kwa wa kweli. Utasema Injinia, na historia yake yote na neno hilo, angegutuka. Wapi! Neno ukilitafuna kila siku ladha yake inakwisha.

Mkuu wa utafiti wa dawa alikuwa mama mmoja mrefu waliyemwita Daktari tu, mtu asiyecheka ovyo na asiyeamini picha ya mashine mpaka aihoji. Dawa yake mpya ya uvimbe ilikuwa tayari kujaribiwa. Kwa njia ya zamani alihitaji panya sitini, kumi wafunguliwe kila Ijumaa kwa wiki sita, aone uvimbe unakwendaje. Kwa skana angehitaji kumi na wawili, hao hao wapimwe wiki zote. Mwisho wa safari nao wangekufa, tusidanganyane, lakini kumi na wawili si sitini. "Nionyesheni kwanza panya mmoja," Daktari akasema. "Huyo huyo, mara tano, wiki tano. Nikiona mabadiliko kwa macho yangu, nafuta maombi ya wale sitini. Nisipoona, Ijumaa itakayofuata tunaanza kwa kisu."

Sasa piga hesabu mwenyewe. Baada ya wiki tano hizo, mama angebakiza wiki sita astaafu. Wiki sita hizo hizo.

Panya aliyechaguliwa na kuanzishiwa dawa alikuwa namba kumi na saba, mwenye kipara kidogo sikioni na tabia ya kusimama kwa miguu ya nyuma mtu akipita. Wiki ya kwanza alikwenda juu akarudi. Ya pili, ya tatu, ya nne, vivyo hivyo. Picha zilikuwa nzuri, uvimbe ulikuwa unasinyaa. Ikabaki mara ya tano, Alhamisi, mbele ya Daktari mwenyewe. Na kwa kuwa siku hiyo ilikuwa rasmi, Daktari akataka kila kitu kiwe kwa maandishi, hata agizo la kumtoa panya, na safari hii panya aletwe mpaka mlango wa juu badala ya kufuatwa.

Jumatano jioni, kabla ya kutoka, Injinia akachukua karatasi ya kazi akaandika kwa mkono: *Namba 17 alazwe kesho saa tatu kamili asubuhi. Asicheleweshwe.* Akatia sahihi, akaiacha kwenye kisanduku cha nyumba ya panya, akaenda zake. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Kalamu hawakuitaja, kwa sababu hawakumjua huyu.

Alhamisi sukari ililetwa saa tatu kasoro dakika kumi, ndani ya chombo kizito cha risasi. Sukari ya mionzi haiwekwi akiba. Kwa muda usiotimia saa mbili, nusu yake hufa, utake usitake. Daktari alishakaa kwenye chumba cha skrini, kalamu mkononi. Kipara alishawasha joto la kitanda. Saa tatu ikafika. Saa tatu na dakika tano. Injinia akaenda mlangoni akatazama korido, akarudi. Alikuwa ameandika asicheleweshwe na kusahau kuandika aletwe, akajilaumu kwa hilo, jambo dogo. Saa tatu na robo akapiga simu chini. Aliyepokea alikuwa mwosha vizimba, shoga wa mama yake wa miaka mingi.

"Namba kumi na saba? Mama yako alimchukua tangu saa mbili na nusu," mwosha vizimba akasema. "Karatasi si imesema alazwe? Basi atakuwa ameshamlaza, maskini. Aliondoka hapa hata salamu hakuitikia."

"Amemlaza wapi?"

"Wewe naye! Si anapolazia siku zote?"

Injinia hakukata simu. Aliiacha inaning'inia. Kipara akamwona ameshika ukingo wa meza, rangi imemtoka, akauliza kuna nini, na jibu alilopata lilikuwa mgongo wa mtu anayekimbia.

Alishuka ngazi akiruka mbili mbili. Kichwani hakukuwa na mashine wala miaka mitatu, ingawa vyote vilikuwa vinakwenda na maji. Kulikuwa na mwandiko wake tu, na macho ya mama yake yakiusoma. Nimemtuma mama yangu akaue, alijiambia. Mimi. Kwa mkono wangu. Mlango wa kwanza ukafunguka, akaingia, akasubiri ufungwe nyuma yake ili wa pili ufunguke, na mlango huo, nakuapia, haujawahi kufungwa polepole vile.

Chumba cha kulazia kilikuwa cheupe na kikavu. Boksi la kioo lilikuwa mezani, limefunguliwa. Hapakuwa na panya. Akafungua jokofu dogo la pembeni. Mlikuwa na vifuko viwili vya juzi, namba nyingine. Akakimbilia chumba cha vizimba, akachungulia chumba cha kufulia. Mwishowe akasukuma mlango wa stoo ya maranda.

Mama alikuwa amekaa juu ya gunia, koti lake jeupe limefungwa vifungo vyote, kizimba magotini. Ndani ya kizimba namba kumi na saba alisimama kwa miguu ya nyuma kuona nani ameingia.

"Niandikie barua," mama akasema kabla hajaulizwa.

"Barua gani, mama?"

"Ya kunifukuza. Nimeshindwa kumlaza." Hakumtazama binti yake. "Karatasi nimeisoma mara tatu. Nikaona ni mwandiko wako. Nikasema, mtoto ana sababu zake. Labda mashine imewakatalia, labda wanataka kumfungua wahakikishe. Nikamweka kwenye boksi. Mkono ukakataa kufungua gesi."

Injinia akaurudisha mlango nyuma yake.

"Miaka thelathini na mmoja sijawahi kushindwa," mama akaendelea. "Unajua kwa nini? Kwa sababu wale wakienda hawarudi, na wewe unajifunza mapema kutowazoea. Huyu ameenda mara nne, amerudi mara nne. Namshika, ana joto. Anayerudi utaachaje kumzoea?" Akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Lakini hilo si kitu. Lililoniuma ni kuwa umenituma wewe. Angenituma mtu mwingine yeyote ningemlaza."

Injinia akapiga magoti kwenye maranda, suruali ya rasmi na yote. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Kitandani, mama!" akafoka hatimaye. "Alazwe kitandani! Kwenye kile kitanda cha joto! Sisi kule juu kulaza ndiko huko, tunamlaza halafu tunampiga picha!"

Mama akakunja uso. Neno lilimchukua muda kuligeuza.

"Kwa hiyo mlitaka alale."

"Alale tu, mama."

"Aamke."

"Aamke, ale, arudi kwako mchana."

"Sasa si ungeandika hivyo!" Mama akamchapa begani kofi la nguvu. "Mtoto gani wewe! Kusoma kote huko, mpaka miwani imekuwa mizito, na huwezi kuandika alale aamke? Moyo umenisimama tangu alfajiri! Nilishapanga hata maneno ya kumwambia mkuu wa kazi!" Akamchapa tena, polepole zaidi, na mkono ukabaki palepale begani.

"Mimi siwezi kukutuma jambo hilo," Injinia akasema. "Hata ningelazimishwa. Mashine yote hii, mama, pete na fuwele na kila kitu, nimeitengeneza ili usitumwe tena."

Mama akamtazama. Miaka mitatu alikuwa akidhani binti yake anapenda fuwele. Akamvuta, akakilaza kichwa chake juu ya goti, kando ya kizimba, kama zamani za kitana, na wakakaa hivyo mpaka namba kumi na saba akaanza kukwaruza kwa kukosa subira.

"Saa ngapi sasa?" mama akauliza.

"Mungu wangu, sukari!"

Walipanda pamoja. Mama ndiye aliyebeba kizimba, na hakuna aliyethubutu kumpokonya. Mlangoni kwa chumba cha mashine akasimama, kwa kuwa sheria ni sheria na yeye hakuwahi kuivunja kabla ya asubuhi ile. Daktari akatoka, saa ya mkononi ameielekeza juu ili kila mtu aione.

"Saa nne kasoro dakika ishirini," akasema. "Nisikie."

Injinia akamweleza yote, neno na karatasi na boksi, bila kujificha. Alitegemea kukaripiwa. Daktari akaiomba karatasi, akaisoma, akatazama lile neno kwa muda mrefu. "Nimetia sahihi chini ya neno hili mara ngapi sijui," akasema. Kisha akamgeukia mtunza panya, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya kufanya kazi jengo moja akamwambia, "Pole sana, mama." Akaingia ndani, akarudi na beji ya wageni, akamfungia mama yeye mwenyewe kwenye kola.

"Shikamoo, mama," Kipara akaita kutoka kwenye kompyuta. "Sukari imepungua lakini haijafa. Nikiipa mashine dakika kumi za ziada tutapata picha. Karibu, kiti hicho hakijavunjika sana."

Wakamlaza. Ndiyo, wakamlaza, na mama alikuwa pale akiangalia. Gesi kidogo, macho yakalegea, Injinia akamnyoosha kwenye kihori na kumfunga mrija puani. Mama akaweka kidole ukingoni kwa kitanda kupima joto. Akatikisa kichwa, akasema ongeza kidogo, wakaongeza. Sindano ya sukari, kisha dakika arobaini za kusubiri sukari isambae, kisha pete ikammeza na wote wakatoka kwenda chumba cha skrini.

Picha haiji mara moja. Huja kwa chembe, giza linajaa vumbi, vumbi linapata umbo. Kwanza kilitokea kichwa, kisha mgongo. Kwenye ubavu wa kushoto kulikuwa na nukta, na Daktari akaikaribia skrini mpaka pua ikawa karibu kuigusa. Akaipima kwa rula ya kompyuta. Wiki ya kwanza ilikuwa milimita tatu na nusu. Sasa ilikuwa moja na kidogo. Akapima tena kuanzia upande mwingine, akapima mara ya tatu, mtu hana imani yule! Halafu akafungua daftari lake, akakata mstari juu ya namba sitini, akaandika kumi na mbili pembeni. Injinia na Kipara walishikana mikono chini ya meza kama watoto walioiba sukari nguru, hawakuthubutu kupiga kelele.

Mama hakuiona hiyo. Alikuwa anatazama mahali pengine kwenye skrini.

"Hiki nini?" akauliza, akionyesha kipete kidogo cha mwanga katikati ya kifua.

"Moyo, mama," Kipara akasema. "Ngoja." Akabonyeza kitu, akaunganisha mapigo yote ya dakika zile kuwa pigo moja, na kipete kikaanza kujifunga na kujifungua.

"Unacheza," mama akasema.

"Unacheza."

Moyo wa panya aliujua kuliko mtu yeyote mle ndani. Alijua ulipo, alijua rangi yake na uzito wake kwenye kidole. Alikuwa ameona maelfu. Huu ndio wa kwanza kuuona ukiwa kazini. Akakivuta kiti kilichovunjika kidogo, akaketi, akautazama mpaka Kipara akasema anahitaji kompyuta yake.

Baadaye Injinia alifunga gesi, akamtoa namba kumi na saba kwenye pete, akamweka kwenye kizimba cha kuamkia chenye joto. Akampa mama yake glavu. "Kaa naye wewe," akasema. "Sisi tuna karatasi za kuandika."

"Unamwamshaje?"

"Hatumwamshi, mama. Tunamsubiri."

Mama akainama juu ya kizimba, kidole kimoja kwenye ubavu ule mdogo. Nyuma yake Daktari alikuwa anasoma namba, Kipara anaziandika, Injinia anazihakiki, na safari hii alikuwa anasoma kila neno mara mbili. Dakika zikapita. Sharubu moja ikatikisika. Ikatulia. Mguu wa nyuma ukajivuta, panya akapiga chafya, akainua kichwa, akajaribu hatua mbili za kilevi na kuanguka kwenye kiganja cha mtu aliyemlinda.

"Njooni!" mama akaita bila kugeuka, na Injinia hakuwahi kuisikia sauti ile kwa mama yake tangu azaliwe. "Jamani, acheni hayo, njooni muone! Anaamka!"

Wakaja wote mbio, hata Daktari, wakainama kumzunguka, na hakuna aliyemwambia kwamba panya yule alikuwa ameshaamka mara nne kabla ya siku hiyo.